Msiri: Mfalme wa shaba aliyeikataa bendera ya Leopold

KATIKA jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na jiji la Brussels nchini Ubelgiji, kumehifadhiwa mawe ya kijani yenye mistari inayozungukana mithili ya viwimbi vya maji ziwani. Mawe hayo huitwa malakiti, na asili yake ni Katanga, kusini mwa nchi ijulikanayo leo kama Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Mgeni apitaye hapo huyatazama kama mapambo, kisha akaenda zake. Lakini jiwe hilo si pambo tu. Ni shaba ambayo haijapikwa. Likipondwa na kutiwa tanurini pamoja na makaa, ule ukijani hutoweka na badala yake hutiririka madini mekundu ambayo wanadamu wameyatamani tangu kale.

Ni jiwe hilo lililomtoa kijana mmoja katika viunga vya Tabora, likampeleka mamia ya maili hadi nchi ya ugenini na kumvika taji la ufalme. Ni jiwe hilo hilo lililomletea mauti mnamo Desemba 20, 1891.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Ngelengwa. Ulimwengu, hata hivyo, ulimjua kama Msiri. Msomaji wa Kiswahili asidhani jina hilo lina uhusiano na mtu atunzaye siri. Huko Katanga aliitwa pia Mushidi, na ndivyo alivyoandikwa na baadhi ya wamishonari walioishi naye.

Miaka zaidi ya mia moja na thelathini imepita tangu auawe, na bado watu hawajakubaliana kumhusu. Kuna wanaomtukuza kama shujaa aliyekataa kuiuza nchi yake kwa wakoloni. Kuna wanaomkumbuka kama dhalimu aliyewauza wanadamu na kuyapamba makao yake kwa mafuvu ya vichwa.

Anayetaka kuyafahamu maisha yake kwa ukamilifu hana budi kuzikubali kauli zote mbili, kwa sababu zote zina ukweli. Aidha, hana budi kukumbuka kwamba kisa hiki kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko tunavyodhani, kwani kilianzia katika ardhi yetu na kikamalizwa kwa bunduki zilizobebwa na watu wa mwambao wetu.

MWANA WA MFANYABIASHARA

Msiri alizaliwa karibu na mwaka 1830 magharibi mwa Tabora, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Watu wake walikuwa Wasumbwa, ambao ni ndugu wa karibu wa Wanyamwezi.

Wanyamwezi na jamaa zao walikuwa mabingwa wa safari. Misafara yao ilishuka hadi Bagamoyo ikiwa na pembe za ndovu, na kupanda tena ikiwa na nguo, shanga na bunduki. Kijana ambaye hakuwahi kubeba mzigo hadi pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili.

Babake, Kalasa, hakuelekeza macho yake pwani pekee. Alivuka kwenda magharibi, ng'ambo ya mto Luapula, kutafuta shaba. Huko alijenga urafiki na watemi wa eneo hilo, kwa kuwa katika zama hizo hakuna aliyefanya biashara ya mbali bila ya kuwa na mwenyeji wa kumpokea na kumlinda.

Mwana alifuata nyayo za baba. Katika miaka ya 1850, Ngelengwa alipitia kwa Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda wa bonde la Luapula, akaomba ruhusa ya kwenda Katanga kununua shaba. Kazembe alimruhusu. Hakujua kwamba alikuwa akimfungulia mlango mtu ambaye baadaye angemnyang'anya nchi yote iliyo magharibi mwa mto huo.

Ngelengwa hakuwa na jeshi kubwa. Alichokuwa nacho ni wafuasi wachache, bidhaa kutoka pwani na bunduki za gobori. Katika nchi ambako watu bado walipigana kwa mishale na mikuki, mlio wa gobori ulitosha kuvuruga safu nzima ya maadui.

Inasimuliwa kwamba Pande, mtemi wa Wasanga, alikuwa akisumbuliwa na wavamizi wa Kiluba. Ngelengwa na wenzake walimsaidia kuwatimua. Mzee huyo, ambaye umri ulikuwa umemlemea, akamkabidhi mgeni wake kombe la bahari lililokuwa ishara ya utawala, na hivyo akawaruka wanawe mwenyewe.

Iwe kisa hicho kilitokea kama kinavyosimuliwa au kilitengenezwa baadaye ili kuhalalisha ufalme, jambo moja ni dhahiri. Mgeni aliyekuja kununua shaba aligeuka kuwa mwenye shaba. Wahenga walinena kwamba mgeni njoo mwenyeji apone, lakini si kila mwenyeji hupona.

WALAJI WA SHABA

Ili kuelewa nguvu za Msiri, ni lazima kwanza kuielewa kazi iliyokuwa ikifanywa katika vilima vya Katanga.

Shaba ya huko haikugunduliwa na Msiri wala na Wazungu. Misalaba midogo ya shaba imefukuliwa katika makaburi ya kale ya Sanga, kwenye bonde la Upemba, na wataalamu wa mambo ya kale wanaeleza kwamba watu wa huko walikuwa wakiitumia karne nyingi kabla ya misafara ya karne ya 19. Mwanzoni mwa karne hiyo, wasafiri Waafrika waliotumwa na Wareno kutoka Angola walipita katika nchi hiyo na kuripoti kuhusu mawe ya kijani na machimbo yake.

Kazi ilifanywa wakati wa kiangazi, baada ya mavuno. Watu walihama vijiji vyao, wakapiga kambi karibu na machimbo na kukaa huko hadi mvua zilipokaribia. Wanaume walishuka mashimoni na kung'oa malakiti, huku wanawake na watoto wakiyachambua na kuyaosha mawe mtoni.

Matanuri yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, ambao hustahimili moto mkali. Makaa na mawe vilipangwa ndani, kisha mivukuto ya ngozi ikapuliza hewa hadi mawe yakayeyuka. Shaba iliyopatikana iliyeyushwa mara ya pili ili kuisafisha, ikamiminwa katika kalibu zilizochimbwa ardhini.

Umbo lililopendwa zaidi lilikuwa msalaba wenye mikono minne. Msalaba huo haukuwa na uhusiano wowote na Ukristo. Ulikuwa mali na fedha: ulilipiwa mahari, ulilipiwa fidia, ulinunuliwa watumwa na ulizikwa pamoja na marehemu. Mvumbuzi Mwingereza Verney Lovett Cameron, aliyevuka Afrika kati ya 1873 na 1875, aliiona misalaba hiyo ikibebwa katika misafara na kuiandikia habari.

Mafundi hao na jamaa zao walikuja kujulikana kama walaji wa shaba, kwa maana kwamba shaba ndiyo iliyokuwa riziki yao. Padri Mbelgiji Jean-Félix de Hemptinne alikusanya kumbukumbu zao na kuzichapisha mwaka 1926, wakati ambapo kazi yenyewe ilikuwa tayari imekufa.

Watu wa Msiri, walioitwa Wayeke, neno ambalo asili yake ni wawindaji wa ndovu, waliongeza ujuzi wao. Walijua kuivuta shaba hadi ikawa waya mwembamba, na waya huo ukasokotwa kuwa bangili na vikuku vilivyonunuliwa mbali na kwao. Msiri hakuhitaji kuchimba kwa mikono yake. Ilimtosha kuwa bwana wa wachimbaji, wa njia na wa soko.

BUNKEYA

Kufikia miaka ya 1870, Ngelengwa alikuwa amejitangaza kuwa Mwami, cheo cha kifalme alichokitoa kwao. Himaya yake iliitwa Garenganze, na mji wake mkuu ulikuwa Bunkeya, katika uwanda ulio karibu na mto Lufira.

Ufalme huo ulitanda kati ya mito ya Lualaba na Luapula, na upande wa kusini ulifika kwenye maji yanayogawanya mito iendayo Kongo na ile iendayo Zambezi. Ndani ya eneo hilo kulikuwa na shaba, pembe za ndovu na chumvi.

Bunkeya ulikuwa mji wa kustaajabisha. Kutoka mashariki walifika Waswahili na Waarabu waliotumwa na matajiri wa Unguja. Kutoka magharibi walifika Waovimbundu waliotoka upande wa Benguela, kwenye bahari ya Atlantiki. Kwa hivyo mtu aliweza kukaa kwenye uwanja mmoja wa Bunkeya na kukutana na bidhaa za bahari mbili.

Hapo ndipo ujanja wa Msiri ulipoonekana. Hakumtegemea mteja mmoja. Wafanyabiashara wa pwani ya mashariki walipopandisha bei ya baruti, aliwageukia wale wa magharibi, na vivyo hivyo kinyume chake.

Ndoa nazo alizifanya kuwa nyuzi za kufumia himaya. Alioa mamia ya wake kutoka kila jamii aliyoitawala, na kila mke alikuwa kiungo kati ya mfalme na ukoo fulani. Miongoni mwao alikuwapo Maria de Fonseca, mwanamke mwenye damu ya Kireno kutoka Angola, ambaye jamaa zake walikuwa katika biashara ya bunduki na baruti.

Lakini kuna upande wa pili ambao wapenzi wa mashujaa hupenda kuuruka. Bidhaa kubwa iliyotoka Bunkeya haikuwa shaba pekee. Wanadamu walitekwa vitani, wakafungwa minyororo na kupelekwa kuuzwa, wengi wao kuelekea Angola. Kila gobori lililoingia Bunkeya lilikuwa na bei yake, na mara nyingi bei hiyo ilikuwa mtu.

Mmishonari Mskoti Frederick Stanley Arnot, aliyefika Bunkeya Februari 1886 akitokea Benguela, alieleza katika maandishi yake juu ya mafuvu yaliyotundikwa kwenye miti kuzunguka makao ya mfalme. Ni kweli kwamba wageni wa Kizungu wa zama hizo walikuwa na sababu za kumchafulia jina mtawala wa Kiafrika. Hata hivyo, Arnot hakuwa adui wa Msiri. Alipokewa vyema, akapewa mahali pa kujenga, na wenzake waliomfuata, akiwemo Charles Swan na baadaye Dan Crawford, waliishi chini ya ulinzi wa mfalme huyo.

Wasanga, ambao babu zao ndio waliompokea Ngelengwa, walikuwa wa kwanza kuchoshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 waliasi. Walizivamia njia za misafara, wakaichoma mashamba na vijiji vilivyomtii Mwami, na baruti ikaanza kuadimika Bunkeya.

Ufalme uliojengwa kwa bunduki ulianza kutikisika kwa kukosa baruti. Na hapo ndipo Wazungu walipowasili.

WAGENI WENYE KARATASI

Itakumbukwa kwamba mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 uliwapa mataifa ya Ulaya kisingizio cha kuigawana Afrika. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipata eneo kubwa aliloliita Dola Huru ya Kongo, na kwenye ramani zake Katanga ilikuwa ndani ya mipaka hiyo.

Ramani ni karatasi tu. Huko Katanga kwenyewe, hapakuwa na askari hata mmoja wa Leopold, na aliyetawala ni Msiri. Cecil Rhodes, bepari Mwingereza wa kusini mwa Afrika ambaye kampuni yake ilipata hati ya kifalme mwaka 1889, alikuwa pia na hamu ya shaba hiyo. Ikawa ni mbio kati ya mabwana wawili, kila mmoja akitaka kuwahi sahihi ya Msiri.

Wa kwanza kufika alikuwa Alfred Sharpe, wakala wa upande wa Rhodes, mnamo Novemba 1890. Alikuja na watu wachache na mkataba mkononi. Msiri alipofafanuliwa yaliyoandikwa humo, yaani kwamba angekuwa amewakabidhi Waingereza nchi yake, alikataa na Sharpe akarudi mikono mitupu.

Mwaka uliofuata walikuja watu wa Leopold. Paul Le Marinel aliwasili Aprili 1891 na kumwacha nyuma ofisa katika kituo kidogo cha Lofoi. Alexandre Delcommune aliwasili Oktoba. Wote wawili walimtaka Msiri akubali bendera ya Dola Huru, na wote wawili walikataliwa.

Msiri hakuwa mjinga wa mambo. Alikuwa ameishi maisha yake yote katika biashara, na alijua tofauti kati ya mtu anayetaka kununua mali yako na yule anayetaka kukununua wewe mwenyewe. Alikuwa tayari kuuza shaba, pembe na hata wanadamu. Enzi yake haikuwa sokoni.

Lakini alikosea katika jambo moja. Alidhani kwamba Waingereza na Wabelgiji wangeweza kuchezeshwa kama alivyowachezesha wafanyabiashara wa bahari mbili. Alipoona watu wa Leopold wanazidi kumsonga, alituma barua kumwita Sharpe arudi. Barua hiyo haikufika. Iliangukia mikononi mwa msafara wa tatu wa Leopold uliokuwa njiani.

MSAFARA KUTOKA BAGAMOYO

Msafara huo uliongozwa na William Grant Stairs, mzaliwa wa Halifax nchini Kanada na ofisa wa jeshi la Uingereza, aliyekuwa amesafiri na Stanley katika ile safari ya kumtafuta Emin Pasha. Ingawa alikuwa raia wa Uingereza, alikubali kazi ya kampuni ya Katanga iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1891.

Pamoja naye walikuwapo Kapteni Omer Bodson wa Ubelgiji, Christian de Bonchamps wa Ufaransa, daktari Joseph Moloney na seremala Thomas Robinson. Wazungu walikuwa watano. Wengine, zaidi ya watu 300, walikuwa askari na wapagazi, wengi wao wakiwa watu wa Unguja na mwambao.

Walianzia safari Bagamoyo katikati ya mwaka 1891, wakapita Tabora, wakafika Karema na kulivuka ziwa Tanganyika. Kwa maneno mengine, waliomwendea Msiri walipita katika nchi aliyozaliwa, wakaifuata ile njia ya zamani ya misafara iliyowalea baba yake na yeye.

Ni vyema tusiruke jambo hili. Historia ya ukoloni huandikwa kana kwamba Mzungu alitembea peke yake msituni. Ukweli ni kwamba bila mabega ya Waswahili na Wanyamwezi waliobeba mizigo, Stairs asingalifika hata Tabora. Watu hao hawakuwa na haja na shaba ya Katanga. Walikuwa wakitafuta ujira, na wengi wao hawakurudi kuupokea, kwa kuwa njaa na maradhi viliwamaliza njiani.

Stairs aliwasili Bunkeya Desemba 14, 1891. Mazungumzo yalidumu siku chache tu. Msiri alitaka apewe baruti kwanza, kisha suala la bendera lizungumzwe. Stairs hakuwa na nia ya kumwongezea nguvu mtu aliyetumwa kumshinda. Bila ya idhini ya mfalme, aliamuru bendera ya Leopold isimikwe kwenye kilima kilichoutazama mji.

Usiku huo Msiri aliondoka, akaenda Munema, kijiji kilichozungushiwa boma, mwendo mfupi kutoka hapo.

Asubuhi ya Desemba 20, Stairs aliwatuma Bodson na Bonchamps pamoja na askari wapatao mia moja wakamkamate. Bonchamps alibaki nje. Bodson aliingia ndani na askari wachache, akamkuta Mwami mbele ya nyumba akiwa amezungukwa na watu wake.

Kwa mujibu wa maelezo ya Wazungu, Msiri aliinua upanga, na Bodson akafyatua bastola. Mfalme alianguka papo hapo. Mwanawe mmoja, Masuka, akampiga Bodson risasi iliyomuua muda mfupi baadaye. Mapigano yakazuka, na watu wengi wa Munema wakapoteza maisha.

Kilichofuata ndicho kinachowachoma Wayeke hadi leo. Kichwa cha Msiri kilikatwa na kutundikwa kwenye mti ili watu waone. Habari hiyo haikutoka kwa maadui wa Wazungu, bali ilitolewa na Bonchamps mwenyewe. Wale waliokuja wakijidai kukomesha ukatili wa mafuvu ya Bunkeya, walianza utawala wao kwa kuongeza fuvu moja.

Mwili ulirudishwa kwa jamaa kwa mazishi. Kichwa hakikuwahi kurudi, na kwa Wayeke kilio cha Mwami wao bado hakijafungwa.

NANI ALIFAIDI?

Stairs alimtambua Mukanda Bantu, mwana wa Msiri, kuwa mrithi, lakini mrithi wa nini? Himaya ilikuwa imekatwa vipande, na maeneo mengi yaliyomtii babake yakarudishiwa watemi wa zamani. Mukanda Bantu alikubali bendera ambayo babake aliikataa, na baadaye akawasaidia Wabelgiji kupigana na wale wale Wasanga walioasi.

Waliomshinda Msiri hawakukaa kufurahia ushindi. Watu wa Bunkeya walitawanyika, mashamba yakaachwa, na njaa ikaingia kambini mwa msafara. Stairs aliugua homa kwa muda mrefu. Alifariki Juni 1892 huko Chinde, Msumbiji, akiwa njiani kurejea, kabla hajatimiza umri wa miaka 29.

Faida ilikwenda kwa wengine. Mwanzoni mwa 1892 uliwasili msafara mwingine wa kampuni hiyo hiyo, ulioongozwa na Lucien Bia. Ndani yake alikuwamo kijana mtaalamu wa miamba, Jules Cornet. Katika mwaka huo Cornet aliizunguka nchi na kutambua utajiri mkubwa usio wa kawaida uliolala chini ya vilima vile.

Kuna madini ya samawati yenye shaba ndani yake, yaliyopatikana katika mgodi mmoja karibu na Lubumbashi, ambayo wanasayansi waliyapa jina la Cornet. Mgodi huo Wabelgiji waliuita Nyota ya Kongo. Wenyeji walikuwa na jina lao tayari, Kalukuluku, kwa sababu babu zao walichimba hapo.

Na hilo ndilo jambo la kutia uchungu. Wapimaji wa Kizungu waliofika baadaye waliongozwa na mashimo ya zamani. Palipokuwa na shimo la mlaji wa shaba, ndipo palipofunguliwa mgodi. Ujuzi wa vizazi vingi uligeuzwa kuwa alama za njia kwa kampuni za kigeni.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini iliifikia Elisabethville, ambayo sasa ni Lubumbashi, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ikaanza kuyeyushwa katika tanuri za kisasa. Mivukuto ya ngozi ilinyamaza. Wajukuu wa mafundi wakawa vibarua katika machimbo ya babu zao.

Hata hivyo, jiwe la kijani halikuacha kuzusha vita. Kongo ilipopata uhuru mwaka 1960, haikumaliza hata majuma mawili kabla ya Katanga kujitenga, Julai 11, chini ya Moise Tshombe. Bendera ya Katanga ilikuwa na misalaba mitatu ya shaba, ile ile iliyomiminwa katika kalibu za kale. Msalaba huo uliwekwa pia kwenye sarafu za jimbo hilo.

Waziri wa mambo ya ndani wa Katanga hiyo alikuwa Godefroid Munongo, mzao wa Msiri. Mkasa wa historia ni kwamba safari hii damu ya Msiri ilikuwa upande mmoja na kampuni za Wabelgiji, dhidi ya serikali ya Patrice Lumumba, ambaye aliuawa huko huko Katanga Januari 17, 1961. Kujitenga kulikomeshwa mwaka 1963. Munongo baadaye akawa Mwami wa Wayeke, akafariki mwaka 1992.

Kutoka 1971 hadi 1997, jimbo hilo halikuitwa hata Katanga. Rais Mobutu Sese Seko alilipa jina la Shaba, neno la Kiswahili, lugha ambayo misafara iliipeleka huko na migodi ikaikuza hadi ikawa lugha ya mitaa ya Lubumbashi.

Leo Kongo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa shaba duniani, na dunia inaitaka shaba hiyo kwa nyaya za umeme na magari ya betri. Mwaka 2022 nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Malori yenye shaba ya Katanga hushuka hadi bandari ya Dar es Salaam, si mbali na Bagamoyo ambako Stairs alianzia safari yake.

Wanunuzi wamebadilika, na karatasi za mikataba zimekuwa nene zaidi. Swali ni lile lile lililomkabili Mwami wa Bunkeya: je, mwenye mali anauza shaba yake, au anajiuza mwenyewe?

Msiri alilijibu swali hilo kwa niaba yake, si kwa niaba ya Wasanga aliowakandamiza wala ya watumwa aliowauza. Ndiyo maana siku alipoanguka, wengi wa raia wake hawakumpigania. Mfalme aliyekataa kuinamia bendera ya wengine alikuwa amewainamisha wengine kwa muda mrefu mno, na alipohitaji migongo iliyonyooka ya kumkinga, hakuipata.

Msiri amelala Bunkeya bila kichwa. Mawe ya nchi aliyoitawala yamo kabatini Tervuren, yaking'aa kwa kijani chake kile kile.